Paka wa mama hajapata choo siku nne na sukari iko 22: nipandishe insulini?

Swali: "Shikamoo daktari. Niko Pasua, Moshi. Mama yangu ana paka dume anaitwa Sultani, amehasiwa, ana miaka 11 na kilo 6 na kidogo. Huu ni mwezi wa tatu tangu agundulike ana kisukari. Mama anaogopa sindano, kwa hiyo mimi ndiye ninayemchoma: insulini ya glajini ya binadamu, daktari aliandika uniti mbili asubuhi na mbili jioni, nami navuta mistari miwili. Anakula ugali wa dagaa na biskuti za paka tukipata. Sasa ana siku nne hajapata choo. Anaingia kwenye beseni lake la maranda, anachuchumaa, anajikamua, analia kidogo, anatoka. Jana alitapika mara moja. Chakula anakula nusu. Leo asubuhi nimempima sukari, 22. Jirani yetu ambaye naye ana sukari anasema dozi ni ndogo, nipandishe mpaka mistari minne. Mama anataka tumpe mafuta ya nyonyo. Duka la dawa wamenipa laktulosi, dawa ya maji ya kulainisha choo, wakasema na enema wanayo, ile ya kuingizwa njia ya haja kubwa. Nifanye lipi? Na jioni nimchome wakati hali vizuri?"

Marahaba mwanangu, na mpe mama pole zangu. Nitajibu kwa urefu, maana umeuliza mambo matatu lakini ndani yake kuna ugonjwa mmoja, na mtu akiyashughulikia mojamoja anaweza kumfungua paka choo kisha akamuua kwa sukari kushuka. Kabla hujaendelea kusoma: dozi usiipandishe, nyonyo msimpe, enema ya dukani ibaki hukohuko dukani, na Sultani aonwe na daktari wa wanyama leo. Paka wa kisukari aliyekaa siku nne bila choo, anayekula nusu na ameshatapika, hasubirishwi mpaka Jumatatu.

Sasa nenda kwenye beseni lake ukaangalie mkojo.

Najua umeniuliza habari ya choo. Lakini dume anayechuchumaa, anayejikamua na kulia, mara nyingi tatizo lake ni mkojo, na kwa macho huwezi kutofautisha. Nimeletewa wengi hapa Arusha kwa maneno hayohayo, "hapati choo", nikagusa tumbo nikakutana na kibofu kigumu kama chungwa bichi. Njia ya mkojo ya dume ni nyembamba sana, huzibwa na chembe za mawe au utelezi mzito, na ikiziba kabisa potasiamu hujaa kwenye damu mpaka moyo unasimama. Hilo huua ndani ya siku moja au mbili. Paka mwenye kisukari kwa kawaida hukojoa sana, kwa hiyo kwenye maranda unatakiwa ukute mafungu makubwa yaliyolowa. Ukiyakuta ya leo, vuta pumzi, endelea kusoma. Kama tangu jana maranda ni makavu, acha kusoma, mtie kwenye kapu, ondoka.

Jambo la pili ndilo lililonishtua zaidi katika barua yako: neno "mistari".

Chukua bomba la sindano unalotumia, lisogeze dirishani kwenye mwanga, uhesabu nafasi kati ya sifuri na 10. Ukikuta nafasi kumi, kila mstari ni uniti moja, na mistari miwili ni uniti mbili kama daktari alivyoandika. Ukikuta nafasi tano, umeshika bomba la mililita moja, ambalo mstari wake mmoja ni uniti MBILI. Hapo mistari miwili ni uniti nne, na paka huyo amekuwa akipata mara mbili ya alichoandikiwa. Mistari minne ya jirani ingekuwa uniti nane kwa mwili wa kilo sita. Mabomba ya mililita moja ndiyo rahisi kuyapata madukani kwetu. Yenye mstari wa uniti mojamoja ni yale ya nusu mililita na ya 0.3, na hayo inabidi uyaulizie kwa jina.

Sikulaumu hata kidogo. Anayekabidhiwa bomba akaambiwa "vuta mpaka hapa" hana njia ya kujua, na kosa hili linafanywa na watu waliosoma. Kuanzia leo katika nyumba yenu neno mistari lisitumike tena, taja uniti tu. Na mtu akikuletea insulini ya wanyama kutoka nje, ile iliyoandikwa 40 kwenye chupa, yaani uniti 40 kwa kila mililita, ujue ina bomba lake, mara nyingi lenye kofia nyekundu. Ukivuta insulini yako ya 100 kwa bomba la 40, ukisoma nne umechoma kumi.

Jirani anasema kwa nia njema. Yeye huenda anajichoma uniti 20 au 30, ndiyo maana nne anaziona si kitu. Ila paka wengi huanzishwa uniti moja kwa mara moja, wakubwa mbili, na kupanda kwake ni nusunusu au mojamoja, baada ya siku tano mpaka saba za kuangalia. Hakuna paka anayepandishwa dozi kwa namba moja ya asubuhi mbaya.

Hii namba 22 (milimoli kwa lita, kama namba zote za sukari humu) tuiangalie vizuri, maana ina mengi ndani yake.

Sukari ya paka ikipita kama 14 au 16 figo hushindwa kuirudisha, inamwagika kwenye mkojo, na haimwagiki peke yake, inaondoka na maji. Ndiyo maana anakunywa sana na kukojoa sana. Maji yanayotoka yakizidi yanayoingia, mwili unaanza kuyafuta popote yalipo, na akiba ya mwisho iko kwenye utumbo mpana. Kinyesi kinakamuliwa mpaka kinabaki kokoto. Kwenye mkojo huohuo inatoka na potasiamu, ambayo bila hiyo misuli ya utumbo inalegea na haisukumi. Ongeza uzito wa kilo sita, ongeza viungo vya miaka 11 vinavyouma akichuchumaa, halafu ugali na biskuti, vyakula visivyo na maji. Mtazame pia anavyotembea. Kama miguu ya nyuma anakanyagia kisigino badala ya vidole, kisukari kimeshagusa mishipa ya fahamu, na mkao wenyewe wa kujisaidia unamshinda.

Kisha mambo yanageuka yanarudi. Choo kikikaa siku nne kinauma, kinatia kichefuchefu, na mwili wenye maumivu humwaga homoni zinazopandisha sukari. Hata kushikwa tu na kuchomwa sikio kunaweza kumpeleka paka asiye na kisukari kwenye 16. Kwa hiyo hiyo 22 huenda inasema dozi haitoshi, lakini huenda inasema tu kwamba Sultani amekaukiwa maji, anaumwa tumbo na amechukia.

Inaweza kusema jambo jingine tena. Umeniambia mwezi wa tatu. Chupa ya mililita 10 ina uniti 1,000, na kwa uniti nne kwa siku ingedumu siku 250, hivyo mtu mwangalifu anayeheshimu fedha huitunza mpaka iishe. Lakini watengenezaji wanasema ikishafunguliwa ni siku 28. Kama bado mko kwenye chupa ya kwanza, na imepita kwenye joto la Moshi na umeme unaokatika, inawezekana unamchoma kitu ambacho nguvu yake imeshapungua. Kama iliwahi kuganda kwenye friza, au ina ukungu au chembechembe badala ya kuwa safi kama maji, itupe. Afadhali kununua kalamu ya mililita 3, yenye uniti 300, unapotupa unatupa kidogo.

Sasa sikiliza hili, maana ndilo ningependa ulishike kuliko yote: kila jambo zuri mtakalomfanyia Sultani wiki hii litaipa insulini nguvu zaidi. Akipewa maji, akitolewa choo, maumivu yakiisha, chupa ikiwa mpya, chakula kikibadilika, kila kimoja kinashusha sukari peke yake. Ukiwa umepandisha dozi siku ya ubaya, siku ya unafuu ndiyo itakayomwangusha.

Hili sikulisoma tu. Nilikuwa na miaka michache kazini nilipoletewa paka jike mweupe, sukari 26, siku tano hajapata choo. Ukivuta ngozi ya shingoni ilibaki imesimama kama hema. Nikaona 26, nikapandisha insulini kutoka mbili kwenda nne. Halafu nikamwekea maji chini ya ngozi, nikamsafisha utumbo, akaondoka anatembea vizuri na mkia juu, nami nikafurahi. Sikufikiria kwamba ngozi iliyokauka hainyonyi insulini sawasawa. Ile aliyochomwa ilikuwa imelala palepale chini ya ngozi, na maji yangu ndiyo yaliyoisukuma kwenye damu, pamoja na nyongeza yangu, wakati maumivu yaliyokuwa yanapandisha sukari yameshaondoka. Saa tisa usiku mwenye paka akanipigia: anatetemeka, anapigapiga miguu, macho yamekodoka. Tulimkuta na 1.6. Alipona, lakini alikaa siku mbili haoni, anajigonga kwenye miguu ya meza. Kosa lilikuwa langu, na tangu siku hiyo paka akija kwangu amekauka sijawahi kupandisha dozi kabla hajajaa maji na kula siku kadhaa.

Basi jioni ufanyeje? Mpe chakula kwanza, saa ileile ya siku zote. Supu ya kuku ya vuguvugu, isiyo na chumvi wala kitunguu (kitunguu ni sumu kwa paka), pamoja na nyama iliyochambuliwa. Ngoja kama nusu saa ndipo uamue. Akimaliza kiasi chake cha kawaida, choma uniti mbili zilizoandikwa, uniti siyo mistari. Akila nusu, choma uniti moja. Asipokula kabisa, au akitapika, mpime. Ikiwa chini ya 10 usimchome. Ikiwa 10 au zaidi, mpigie daktari aliyemwona mchana; ikipita 15, mara nyingi atakuambia umpe nusu ili mwili usianze kuchoma mafuta na kutengeneza ketoni, asidi zinazotia damu sumu. Kama huwezi kumpima na hajala, ruka hiyo moja. Dozi moja ikikosekana sukari inapanda, usiku utapita. Dozi moja ikizidi, huenda asifike asubuhi. Lakini usiruke mbili mfululizo bila daktari kujua, maana paka asiyekula na asiye na insulini huingia kwenye ketoni haraka.

Na hizo ketoni unaweza kuzipima mwenyewe. Duka la dawa wana stripu za mkojo zenye kisanduku cha ketoni. Akichuchumaa kukojoa, mpitishie upawa wa zamani chini ya mkia taratibu, matone machache yanatosha. Kisanduku kikibadilika rangi na huku hali au anatapika, hiyo ni dharura hata kama ni usiku. Wengine pumzi yao hunuka kama dawa ya kufutia rangi ya kucha.

Weka pia glukosi ya unga au asali mahali mama anapajua. Dalili za sukari kushuka ni kulegea, kuyumba kama mlevi, kulia njaa ghafla, kukodoa macho, kutetemeka, mwishoni degedege. Hapo usianze kutafuta kipima sukari. Mpakaze kijiko cha asali kwenye ufizi kwa kidole, usimmiminie kooni, akipata nguvu ya kumeza mpe chakula, kisha kwa daktari. Namba ya kuogopa ni chini ya 3.3. Vipima sukari vya binadamu husoma damu ya paka chini kidogo ya ilivyo kweli, kwa hiyo tumia kifaa kilekile kila siku na uangalie mwelekeo wake.

Kama sikio linakupa shida kutoa damu, tia mchele kwenye soksi safi, upashe moto, ujaribu kwenye mkono wako kwanza, kisha ulishikilie sikioni dakika moja. Mshipa wa ukingoni utajitokeza kama uzi mwekundu. Choma pembeni yake, siyo katikati ya sikio. Kisha mpe kipande cha nyama. Baada ya wiki moja atakuja mwenyewe akisikia kifuniko cha kopo la stripu.

Turudi kwenye choo. Mwambie mama kwa upole kwamba nyonyo inafanya kazi kwa kuusokota utumbo na kumwaga maji, na Sultani hana maji ya kumwaga. Tena paka hanyweshwi mafuta kwa nguvu, ya nyonyo, ya zeituni wala ya kupikia, maana huteleza kwenye njia ya hewa na kumletea homa ya mapafu. Chumvi ya haluli nayo hapana, hasa kwa figo za umri huo. Maziwa na papai vina sukari. Panadoli kwa ajili ya maumivu usithubutu hata robo kidonge, inaua paka.

Na ile enema. Vichupa vingi vinavyouzwa kwa binadamu vina chumvi za fosfeti. Mtu mzima zinamsaidia, paka zinamuua: utumbo wake unazinyonya, fosfeti na sodiamu zinapanda, kalisi inaporomoka, anaingia kwenye degedege, na mambo hayo huenda kwa saa. Kichupa ni kidogo, kina picha nzuri, kinaonekana hakina neno. Mwenye duka hakukusudia ubaya, yeye huhudumia watu.

Kliniki daktari atapapasa tumbo kwanza. Kinyesi cha siku nne hukipata chini ya kidole kama shanga kubwa zilizotungwa, au gogo moja. Atataka damu ipimwe figo, potasiamu na sukari, na mkojo upimwe ketoni na maambukizi. Atampa maji, ya mshipani au chini ya ngozi, na asiwe na haraka ya kutoa choo kabla ya maji. Kikibaki kigumu atamtuliza kwa dawa na kumsafisha kwa maji ya vuguvugu yenye kilainishi, polepole, pengine kwa siku mbili. Picha ya eksirei ikiwezekana ni nzuri, kwa kuwa paka aliyewahi kugongwa na bodaboda nyonga yake inaweza kuwa imefunga nafasi ya kupitia. Una neno moja la kumwambia bila kuona haya: "Daktari, ana kisukari, naomba asichomwe steroidi kama si lazima." Deksamethasoni, ambayo ni steroidi, huchomwa kwa wepesi mno, na inapandisha sukari.

Usikate tamaa ukiambiwa daktari wa kata yenu ni wa ng'ombe. Waliosomea tiba ya wanyama pale SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, wamefundishwa na paka pia, na kumpa maji na kupapasa kibofu wanaweza. Wakishindwa, Arusha ni kilomita kama 80. Mtie kwenye kapu, mfunike kanga ya mama yenye harufu ya nyumbani, atatulia.

Laktulosi uliyonunua haikupotea. Leo siyo siku yake, kwa sababu kulainisha nyuma ya gogo lililoziba kunaongeza kutapika. Akishasafishwa, mililita tatu asubuhi na tatu jioni kwa uzito wake zinatosha kuanzia, unapunguza ikiwa choo kinakuwa maji. Ina sukari kidogo ndani yake, haikatazwi, ila mpime siku za mwanzo. Mimi kwa paka wa kisukari napenda zaidi unga wa makrogoli usio na ladha, kwa sababu hauingii kwenye damu: robo kijiko cha chai kwenye chakula chenye maji, mara mbili kwa siku. Unachotafuta ni choo chenye umbo la kidole, laini, kila siku au siku moja kuruka. Isabgoli ya kwenye maduka ya Wahindi iache kwanza, nyuzinyuzi bila maji hugeuka saruji.

Lakini dawa ya choo cha Sultani ni maji na chakula. Mwili wa kilo sita unahitaji kama mililita 300 kwa siku, yakijumlishwa ya kunywa na yaliyomo kwenye chakula. Biskuti ina maji kama sehemu moja ya kumi, nyama iliyochemshwa na chakula cha kopo ni nyingi zaidi ya nusu. Ugali, mwanangu, ndio unaoipandisha sukari kila mlo. Mwili wa paka umeumbwa kwa nyama na hauna kazi na wanga. Mpelekeni kwenye kuku, moyo wa kuku au wa ng'ombe, ini kidogo mara moja au mbili kwa wiki, dagaa waliolowekwa na kuoshwa chumvi yote, vijiko viwili vitatu vya supu juu yake. Mifupa ya samaki hapana, hiyo peke yake inaziba. Na nyama tupu miezi na miezi inakosa kalisi, kwa hiyo mpangie na daktari chakula cha kopo au nyongeza ya madini.

Ugali msiukate kwa siku moja. Mpunguzie kidogokidogo ndani ya siku saba mpaka kumi, huku ukimpima kila kabla ya sindano. Nimeona paka aliyehitaji uniti tatu akabaki na moja ndani ya wiki mbili kwa kubadilishiwa chakula tu, na wapo ambao, kisukari kikiwa bado kichanga, huacha kabisa kuhitaji sindano. Sultani ana miezi mitatu, mlango huo kwake bado haujafungwa. Ukiona sukari ya kabla ya sindano imeshuka chini ya 10 mara mbili, piga simu kabla ya kuchoma.

Akikaa siku tano au saba anakula vizuri na kupata choo, ndipo tutamtafutia dozi yake ya kweli. Chagua siku uliyo nyumbani, umpime kila baada ya saa mbili kwa saa 12. Tunatafuta shimo, yaani namba ya chini kabisa ya siku hiyo. Ikiangukia kati ya 4.5 na 8, dozi iko sawa hata kama asubuhi ilisoma 15. Ikiwa chini ya 4.5, dozi inapunguzwa. Ikiwa juu zaidi siku nzima, hapo jirani atakuwa amesema kweli, nasi tutapanda nusu uniti.

Beseni la maranda likate upande mmoja mpaka ukingo ubaki chini ya goti lake, asipande kwa viungo vinavyouma, na liondolewe karibu na chakula. Mama, kwa kuwa hawezi sindano, mpe daftari. Kila siku aandike mafungu ya mkojo mangapi, choo kipo au hakipo na kina ugumu gani, chakula kilichobaki, na sukari utakayomsomea wewe. Leo mwende na hilo daftari hata kama lina ukurasa mmoja, na bomba la sindano na chupa ya insulini uvibebe pia, daktari avione kwa macho yake.